Hesabu ya Watu wa Magu na Faida Yake

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Magu)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi jioni hii juu ya hesabu: hesabu ya watu, ya kazi zao, na ya nyumba wanamolala. Twajua kwamba jambo hili halina utamu wa hadithi. Mtu akisikia neno takwimu huona mbele yake karatasi ndefu yenye mistari, na usingizi humjia kabla hajafika mstari wa tatu. Lakini sisi watumishi twaishi kwa karatasi hizo. Kisima huchimbwa kwa hesabu, mwalimu hupelekwa kwa hesabu, dawa huagizwa kwa hesabu. Hesabu ikipotoka, karani aliyeiandika hapungukiwi na kitu. Anayekosa maji na dawa ni mama wa kijijini ambaye hakuiona karatasi hiyo hata siku moja. Kwa sababu hiyo twaomba mtuvumilie kidogo.

Yafaa tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka michache baada ya sensa ya 2012 baadhi yetu tulikaa katika kikao cha mipango. Mmoja alileta hesabu mbili za Wilaya ya Magu. Ya mwaka 2002 ilikuwa watu zaidi ya 400,000; ya mwaka 2012 ilikuwa watu 299,759. Tukazitazama, tukatikisa vichwa. Tukasema, watu wa Magu wanahama, basi tupunguze maombi yetu ya mwaka ujao. Mwingine akaanza kutaja sababu: bei ya pamba imeanguka, vijana wamekwenda kwenye migodi ya dhahabu, mvua haina uaminifu. Kila sababu ilionekana njema, na karani alikuwa amekwisha kuandika nusu ya ukurasa.

Palikuwa na mzee mmoja aliyealikwa kikaoni, ameketi karibu na mlango. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wanangu, na Busega mmeiweka wapi?"

Tukanyamaza. Naye akasema, "Ng'ombe hawakufa. Zizi ndilo lililogawanywa."

Maneno yake yalikuwa kweli tupu. Mwaka wa 2012 Busega ilitengwa na Magu, ikawa wilaya peke yake katika Mkoa mpya wa Simiyu. Watu wake walikuwa katika nyumba zile zile, wakivua katika ziwa lile lile na kulima mashamba yale yale. Mpaka ndio uliohama. Nasi tulikuwa karibu kuwanyima watu waliobaki haki yao kwa kuwa hatukuuliza hesabu ile ilichukuliwa ndani ya mpaka gani. Ukurasa ule ulichanwa, lakini somo lake hatukulisahau, nalo ndilo tunalotaka kuwagawia leo.

Sasa tuseme kidogo juu ya asili ya hesabu hizi. Sensa ya kwanza ya Tanganyika iliyohesabu watu wote kwa taratibu za kisasa ilifanyika mwezi wa Agosti 1948. Hesabu zilizotangulia ziliegemea zaidi makadirio na vitabu vya kodi. Hapana ajabu kwamba wazee wetu walimwogopa mtu mwenye kalamu na daftari, maana karani wa hesabu akiondoka leo, karani wa kodi hufika kesho. Woga huo haujafa wote, na sisi tunaotumwa nyumbani mwa watu yatupasa kuukumbuka. Mwaka 1948 ilionekana kwamba Tanganyika ina watu wapatao milioni saba na nusu. Sensa nyingine ilifuata mwaka 1957. Baada ya Muungano zimefanyika sensa sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Mwaka 1967 Tanzania nzima ilikuwa na watu 12,313,469. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 walihesabiwa watu 61,741,120. Maana yake, katika miaka 55 kila mtu mmoja amekuwa watano.

Sensa ya 2022 ilikuwa na mambo mawili mapya. Makarani hawakuchukua madaftari, walichukua vishikwambi. Tena, kwa mara ya kwanza majengo ya nchi yalihesabiwa pamoja na watu, yakaonekana majengo 14,348,372. Juu ya majengo tutarudi baadaye.

Sasa tuje nyumbani. Wilaya ya Magu, ndani ya mpaka wake wa leo, ilikuwa na watu 299,759 mwaka 2012, na watu 421,119 mwaka 2022. Safari hii zizi ni lile lile, kwa hiyo twaweza kutoa hesabu moja katika nyingine bila hofu. Ongezeko ni watu 121,360 katika miaka kumi, yaani zaidi ya watu 40 kwa kila mia.

Hesabu kubwa namna hii haishikiki mkononi, basi tuigawanye. Watu 121,360 kwa miaka kumi ni watu 12,136 kwa mwaka. Kwa siku ni watu 33. Ndugu zangu, fikirini kwamba kila jua linapozama Magu ina watu 33 zaidi ya jana, baada ya kutoa waliofariki na waliohama. Wengine wamezaliwa zahanati, wengine wameshuka kwenye gari pale Kisesa na godoro kichwani. Wote watakunywa maji kesho asubuhi. Kesho jioni watakuwapo 33 wengine. Katika Tanzania nzima watoto walio chini ya miaka 15 ni zaidi ya 40 katika kila watu mia. Tukilichukua fungu hilo kwa mfano tu, kati ya watu 33 wa kila siku watoto ni 13 au 14. Kipimo cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja la shule ya msingi. Basi katika siku tatu au nne watoto wa kujaza darasa moja wamekwisha kupatikana. Wengine ni wachanga, wataingia shule baadaye, lakini wataingia. Ni nani kati yetu aliyeona darasa jipya likijengwa kila siku ya nne?

Huenda mtu akasema kwamba watu wanaongezeka kila mahali, na Magu si ajabu. Ndiyo, wanaongezeka kila mahali, lakini si kwa mwendo mmoja. Tumeandika hapa hesabu za wilaya za Mkoa wa Mwanza, za mwaka 2012 na za mwaka 2022, na mbele yake ongezeko kwa kila mia. Mwenye kalamu na anakili.

Nyamagana: 363,452, kisha 594,834. Ongezeko 64.
Ilemela: 343,001, kisha 509,687. Ongezeko 49.
Magu: 299,759, kisha 421,119. Ongezeko 40.
Misungwi: 351,607, kisha 467,867. Ongezeko 33.
Sengerema pamoja na Buchosa: 663,034, kisha 838,525. Ongezeko 26.
Kwimba: 406,509, kisha 480,025. Ongezeko 18.
Ukerewe: 345,147, kisha 387,815. Ongezeko 12.
Mkoa wote: 2,772,509, kisha 3,699,872. Ongezeko 33.

Zitazameni kwa utaratibu wake. Nyamagana na Ilemela ndizo Mwanza mjini. Magu na Misungwi zapakana na mji huo kwa nchi kavu. Sengerema iko ng'ambo ya ghuba, Kwimba iko nyuma ya Magu na Misungwi, na Ukerewe ni visiwa. Kadiri unavyokaribia mji, ndivyo hesabu inavyopanda. Kadiri unavyoondoka, ndivyo inavyoshuka. Ni kama moto wa jioni: walio karibu wanatoka jasho, walio mbali wanavuta shuka.

Tena katika watu 927,363 walioongezeka mkoani kwa miaka hiyo kumi, watu 398,068 waliongezeka Nyamagana na Ilemela, na watu 237,620 waliongezeka Magu na Misungwi. Kwa jumla, zaidi ya theluthi mbili ya ongezeko la mkoa mzima limeangukia mji na wilaya mbili zinazougusa. Kwa hiyo sisi wa Magu hatuna budi kujua kwamba jambo linaloitwa kukua kwa Mwanza ni letu pia. Mji huo ulikuwa na watu wapatao 35,000 mwaka 1967. Ulipata hadhi ya Jiji mwaka 2000, na mwaka 2012 Ilemela ikatengwa kuwa Manispaa. Leo watu wa Nyamagana na Ilemela kwa pamoja wamepita milioni moja na laki moja.

Kwa nini mji unatujia sisi? Kila aliyefika Mwanza ameyaona mawe yake. Upande mmoja kuna ziwa, upande mwingine kuna vilima vya majabali, na katikati ni uwanda mwembamba. Watu walipoujaza uwanda wakapanda vilimani. Nyumba nyingi za vilima vile zilijengwa bila ramani, juu ya mawe ambako gari halifiki, na mgonjwa huteremshwa mabegani mwa jirani zake. Asiyetaka kupanda jiwe, au asiye na fedha za kununua uwanja mjini, hufuata barabara. Akiifuata barabara ya Musoma hupita Igoma, na mbele kidogo amefika Kisesa, ambako ardhi ni tambarare na mtu aweza kujenga. Tena siku hizi kuna barabara ya mchepuo itokayo Usagara mpaka Kisesa, hata magari yaendayo Musoma hayalazimiki kuingia mjini. Barabara mbili zikikutana, soko huzaliwa. Soko likizaliwa, nyumba za kupanga hufuata.

Sasa tumefika penye fundo. Kisesa iko kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya mji wa Mwanza, na Magu mjini ni kilomita zipatazo 60. Mtu wa Kisesa aweza kufanya kazi Mwanza, kuuza Mwanza, kutibiwa Bugando, na kurudi Kisesa kulala. Sensa yetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa sensa. Kwa hiyo usiku ni mtu wa Magu, na mchana ni mtu wa Jiji. Katika vitabu vya Jiji hayumo, ingawa anatembea katika njia zake na kuacha taka sokoni kwake. Katika vitabu vya Magu yumo, lakini amewekwa pamoja na mkulima wa dengu wa Ng'haya na mvuvi wa Ghuba ya Speke, kisha wote watatu wanagawiwa wastani mmoja. Wastani huo haumfai hata mmoja wao. Ukichukua watu wa wilaya nzima ukawagawa kwa eneo lake, Kisesa huonekana ina nafasi tele, na vijiji vya mbali huonekana vimejaa kuliko vilivyo. Fedha za mabomba hukosa mahali pa haraka, na ramani ya viwanja hungoja mpaka nyumba zimekwisha kusimama.

Wala msidhani kwamba mambo ya Kisesa hayawezi kujulikana. Tangu mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, pamoja na wenzao, wamekuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kisesa. Walianza kwa ajili ya kuchunguza ugonjwa wa UKIMWI, lakini ili kuujua ugonjwa iliwapasa kwanza kuwajua watu: nani amezaliwa, nani amekufa, nani ameingia, nani ameondoka. Wakarudi tena na tena kwenye nyumba zile zile, mwaka baada ya mwaka. Katika nchi yetu mahali palipoandikwa maisha ya watu kwa uangalifu na kwa muda mrefu hivyo ni pachache, nasi tunapo hapa, katika wilaya yetu. Jambo hili latufundisha kwamba watu wetu hawachoki kuulizwa iwapo muulizaji ana adabu, anatunza siri, na anarudi.

Baada ya watu, tuseme juu ya kazi. Hapa pia mpaka na mgawanyo huweza kumdanganya mtu. Katika taarifa za pato la taifa kwa mikoa, Mwanza imekuwa ikitajwa miaka mingi kuwa ya pili, baada ya Dar es Salaam. Tukisikia hivyo twajivuna, nasi tuna sababu. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Pamba ya Usukuma ilipita hapo, na baadaye samaki wa ziwa walisindikwa hapo na kusafirishwa mpaka Ulaya. Lakini pato la mkoa ni chungu kizima. Ukitaka kujua kila mtu amekula kiasi gani, sharti uhesabu sahani. Mwanza ina watu wengi mno, na pato lake likigawanywa kwa vichwa, haibaki ya pili tena. Mikoa kadhaa yenye watu wachache zaidi yaipita. Taarifa zote mbili ni za kweli. Ya kwanza yamfaa mwenye kutafuta mahali pa kufungua duka, ya pili yamfaa mwenye kutaka kujua kama mama wa Magu ana fedha za kununua mabati. Mtumishi asiyezitofautisha atamjibu mmoja kwa swali la mwingine.

Katika Magu yenyewe kazi zinabadilika mbele ya macho yetu. Mashamba ya pamba, mpunga, mahindi, mihogo na viazi yapo bado, na ng'ombe wapo. Lakini upande wa Kisesa shamba linakatwa viwanja. Baba aliyelima ekari tatu huuza moja, kisha ya pili. Fedha ya kwanza hujenga nyumba ya bati, fedha ya pili humaliza ada za shule, na ekari ya tatu haitoshi kulisha nyumba. Vijana wake huwa mafundi wa matofali, wapanda bodaboda, wauza dagaa. Hatusemi kwamba ni vibaya. Twasema kwamba karani akiwaandika wote "wakulima" kwa kuwa baba yao alikuwa mkulima, wilaya itaendelea kuwaletea mbegu watu ambao sasa wanahitaji mikopo na mafunzo ya ufundi.

Wazee wa Usukuma walijua thamani ya kipimo cha haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kuuzia, ili kuhakiki mizani ya wanunuzi. Katika juhudi hizo vyama vya ushirika vilikua, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la vyama vya kanda ya ziwa, ambalo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake wakubwa. Mkulima yule pengine hakujua kusoma kitabu, lakini alijua kwamba kilo moja ikipunjwa ni shuka la mtoto wake. Sisi leo ndio tulioishika mizani. Je, tunapima kama mtu anayejua kwamba yuko anayepunjika?

Sasa nyumba. Tumesema kwamba mwaka 2022 majengo yalihesabiwa. Ni jambo jema sana, lakini jengo si kaya, na kaya si jengo. Kaya ni watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Kule kijijini, mji mmoja wa Kisukuma waweza kuwa na majengo manne au matano: nyumba ya baba, jiko, nyumba ya vijana, ghala. Majengo ni mengi, chungu ni kimoja. Nenda Kisesa, utakuta jengo moja lenye vyumba sita na kila chumba kina wapangaji wake. Jengo ni moja, vyungu ni sita. Mtu akisoma hesabu ya majengo peke yake atasema kijijini kuna nyumba za kutosha na za kubaki, na Kisesa watu ni wachache. Atakuwa amekosea mara mbili.

Twaweza kukadiria haja yetu wenyewe. Tukichukua, kwa mfano, kaya ya watu watano, basi watu 12,136 wa mwaka mmoja wanahitaji makao ya kaya 2,427. Hizo ni kaya sita au saba kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Watajenga au watapanga, hawatalala njiani. Serikali ikiwapimia viwanja watajenga kwa mstari, na njia ya gari la maji na la wagonjwa itabaki. Isipowapimia watajenga vivyo hivyo, kila mtu akielekeza mlango wake apendako, choo cha huyu kikipakana na kisima cha yule. Baada ya miaka kumi tutakwenda na kamba na rangi nyekundu kuandika alama kwenye kuta za watu waliojenga kwa jasho lao, na tutawaita wavamizi. Lakini hesabu ilikuwa mezani kwetu muda wote huo. Kupima uwanja kabla ya nyumba ni kazi ya siku chache. Kupima baada ya nyumba ni ugomvi wa miaka, na wenzetu wa mjini walio katika kazi ya urasimishaji wa makazi vilimani watatueleza.

Tena tusisahau kwamba jambo hili latugusa sisi wenyewe. Mwalimu na muuguzi ni wapangaji. Wengi wetu twaishi Kisesa au mjini na kufanya kazi vijijini, na kodi ya chumba yapanda kila watu wanapozidi na vyumba visipozidi. Tunapolalamika juu ya kodi katika vikao vya chama, tunalalamika juu ya hesabu hii hii.

Bwana Mwenyekiti, hatukuja kulalamika tu. Tuna mambo matatu ya kuwaomba wanachama, nayo hayahitaji fungu jipya la fedha.

La kwanza, kila hesabu iandikwe na mwaka wake na mpaka wake. Asiandike mtu "watu wa Magu" basi. Aandike ni Magu ya mwaka gani, pamoja na Busega au bila Busega, wilaya nzima au kata moja. Yule mzee wa mlangoni hatakuwapo katika kila kikao.

La pili, tusingoje sensa. Sensa huja kila baada ya miaka kumi, na inayofuata yatazamiwa mwaka 2032. Mwendo wa miaka kumi iliyopita ukishika vivyo hivyo, wakati huo Magu itakuwa na watu wapatao 590,000. Hatusemi kwamba itakuwa hivyo. Mambo ya watu hubadilika. Twasema tu kwamba mtumishi anayepanga kazi ya mwaka 2030 kwa hesabu ya 2022 atakuwa amevaa koti la utotoni. Mwenyekiti wa kitongoji amjua kila mgeni aliyehamia wiki hii. Mtendaji wa kijiji ana daftari la wakazi. Muuguzi wa zahanati awajua waliozaliwa. Maarifa haya yapo, ila kila mmoja ameyafungia katika kabati lake. Wakikutana mara moja kila baada ya miezi mitatu na kulinganisha madaftari yao, kata itajua hali yake bila kumngoja mtu kutoka Dodoma.

La tatu, watumishi wa Magu na wenzao wa Nyamagana, Ilemela na Misungwi wafungue vitabu vyao pamoja. Maji hayajui mpaka, wala kipindupindu, wala mtoto anayevuka barabara kwenda shule iliyo karibu. Mabomba ya Kisesa na barabara za Igoma ni jambo moja, liwe limeandikwa katika bajeti mbili au moja.

Na juu ya yote, tutunze siri ya watu. Sheria yakataza kutoa habari za mtu mmoja mmoja zilizopatikana kwa sensa, na heshima yakataza zaidi. Mama aliyetuambia watoto wake wangapi wamekufa hakutuambia ili tulisimulie mgahawani. Akisikia jina lake njiani, mwaka mwingine atatudanganya, na hapo hesabu yetu yote itakuwa bure.

Mwaka 1922 makarani na walimu Waafrika walianzisha huko Tanga chama cha watumishi, na Martin Kayamba akawa rais wake wa kwanza. Watu wale walikuwa wachache, nao walifanya kazi ya kalamu katika serikali isiyokuwa yao. Sisi twafanya kazi ile ile ya kalamu kwa watu wetu wenyewe, na hatuna wa kumsingizia hesabu ikiwa mbaya.

Basi, ndugu wanachama, maneno yetu yamekwisha. Tangu mlipoketi hapa jioni hii yamekwisha kupita karibu masaa mawili, na kwa kipimo tulichowapa Magu imeongezeka watu wawili au watatu. Hatuwajui majina. Twawaomba tu kwamba kesho asubuhi, mtakapofungua madaftari yenu, muwaachie nafasi.